Kabla Hujanunua Prosesa, Isome RAM

Deskitopu nyingi zinazofanya kazi mjini Eldoret hazikununuliwa zikiwa mpya. Zilianzia katika ofisi za Uingereza, zikatumika miaka kadhaa, zikauzwa kwa mafungu, zikashukia bandari ya Mombasa na mwishowe zikapandishwa hadi kwenye rafu za maduka ya Uganda Road na Oloo Street, zikiwa na jina moja la biashara: Ex-UK. Utazikuta kwenye saiba zilizo karibu na Chuo Kikuu cha Eldoret kule Chepkoilel, kwenye ofisi za mawakili, kwenye kaunta za agrovet na kwenye vyumba vya wanafunzi wa Annex. HP Compaq 6200, 6300, 8200 na 8300. Dell OptiPlex 790, 990, 7010 na 9020. Lenovo ThinkCentre za rika hilohilo. Ni mashine ngumu, zilizotengenezwa zifunguliwe na kufungwa bila vita. Shida yake ni kwamba nyingi zilikuja na Core i3 au Pentium, na leo ukifungua eCitizen, WhatsApp ya wavuti na faili ya Excel kwa pamoja, feni inaanza kulia na kishale cha mausi kinakwama.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye mashine kama hiyo, unayetaka kuiwekea prosesa yenye nguvu zaidi bila kununua RAM nyingine. Inawezekana, na kwa kawaida ni kazi ya alasiri moja. Lakini watu wengi huianza kwa upande usiofaa: wanachagua prosesa kwanza, wanalipa, ndipo wanauliza kama itaingia. Anza na RAM na bodi. Hizo mbili ndizo zinazoamua prosesa gani unaweza kuitumia, na hazibembelezeki.

Kwa nini ung'ang'anie RAM ya zamani? Kwanza, RAM haina kitu kinachozunguka wala kusagika. Kijiti cha mwaka 2012 kilichopita majaribio leo kinafaa kama kilivyofaa kilipotoka kiwandani. Pili ni bei. Tangu miezi ya mwisho ya 2025, RAM imepanda bei dunia nzima kwa sababu watengenezaji wakubwa watatu, Samsung, SK Hynix na Micron, wameelekeza viwanda vyao kwenye memori za vituo vya data vya akili mnemba. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa ambayo wanunuzi wa kawaida waliizoea. Kupanda huko kumeuma zaidi kwenye vizazi vipya vya RAM, DDR5 na DDR4. DDR3 iliyotumika bado ipo sokoni, lakini hata hiyo, ya nini uilipie tena wakati tayari unayo kashani?

Karatasi ndogo yenye habari kubwa

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili chaji iliyobaki iishe, kisha fungua kifuniko. Gusa chuma cha kasha kabla hujagusa kitu kingine. Asubuhi za Eldoret ni za sweta na koti, na kati ya Desemba na Machi hewa huwa kavu. Sweta ya sufu ikisuguana na kiti hukusanya umeme tuli wa kutosha kuua chipu bila wewe kuhisi chochote. Vua sweta. Sasa sukuma klipu za pembeni ya kijiti kimoja cha RAM, ukitoe, ukisogeze kwenye mwanga wa dirisha.

Kwenye karatasi iliyobandikwa utaona maandishi ya namna hii: 4GB 2Rx8 PC3-12800U. Yasome pole pole. 4GB ni ukubwa. 2Rx8 ni jinsi chipu zilivyopangwa. 2R kwa kawaida humaanisha chipu ziko pande zote mbili, na 1R upande mmoja. PC3 ndiyo habari kuu: hiyo ni DDR3. Ingekuwa PC4, ingekuwa DDR4. Nambari 12800 ni kasi ya kusafirisha data kwa megabaiti kila sekunde. Igawanye kwa 8 upate 1600, ambayo ndiyo kasi muuzaji atakayokutajia. 10600 ni ile ya 1333. Kwa DDR4, 19200 ni 2400, na 25600 ni 3200.

Herufi ya mwisho ndiyo watu wengi huiruka. U ni RAM ya kawaida ya deskitopu. S ni ya laputopu, nayo ni fupi, hivyo haikudanganyi. R ndiyo ya kuiogopa: ni ya seva. Ina urefu uleule na mkato uleule, inaingia kwenye nafasi yake vizuri kabisa, na deskitopu ya kawaida haiwaki nayo. Seva zinapostaafishwa, RAM zake humwagika sokoni kwa bei ya chini, na ndiyo sababu utakuta mtu anakuuzia 16GB kwa bei ya 8GB akitabasamu. Kuna mtego mwingine wa aina hiyo: vijiti vya DDR3 vya bei ya kutupa vinavyotangazwa mtandaoni kuwa ni vya AMD pekee. Vimepangwa chipu kwa namna ambayo mashine za Intel tulizozitaja hazivitambui. Ukiona maneno hayo kwenye tangazo, pita.

Ukiona PC3L badala ya PC3, hiyo ni DDR3 inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5. Ni habari njema, kwa kuwa hukubali volti zote mbili na itakaa kwenye bodi yoyote ya DDR3. Kinyume chake si kweli daima, na tutaona ni wapi inaleta hasara.

DDR3 na DDR4 hazibadilishani nafasi. Mkato wa chini uko mahali tofauti, na kijiti kimoja kina migusano 240 huku kingine kikiwa na 288. Kijiti kikigoma kuingia, usikisukume kwa kidole gumba. Kinakuambia kwamba kimekosea nyumba.

Andika kila kitu kwenye karatasi: vijiti vingapi, ukubwa gani, kasi gani, na kipi kilikuwa kwenye nafasi ipi. Kama mashine inawaka, programu ya bure ya CPU-Z itakuonyesha hayo yote bila kufungua kasha, pamoja na jina la bodi, chipseti na toleo la BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoiamsha mashine. Kwenye Linux, amri ya sudo dmidecode -t memory inatoa habari zilezile za RAM. Mimi bado napendelea kuitazama karatasi yenyewe kwa macho, kwa sababu mashine ambayo haijawahi kufunguliwa tangu itoke kwenye kontena ina mengine ya kukuonyesha, hasa vumbi.

Bodi ndiyo inayokata shauri

Soketi ni pale prosesa inapokaa. Intel ilitumia soketi ya LGA1155 kwa kizazi cha pili cha prosesa zake za Core, kilichotoka 2011, na cha tatu, kilichotoka 2012. Vizazi vyote viwili hutumia DDR3. Kwa hiyo mtu mwenye HP 8200 Elite husikia kwamba i7-3770 ya kizazi cha tatu inaingia 1155, huagiza Nairobi, huipachika bila shida yoyote, kisha hukaa akitazama skrini nyeusi.

Sababu ni chipseti, chipu ya bodi inayounganisha prosesa na vifaa vingine. Intel haikuruhusu kizazi cha tatu kwenye chipseti za Q65, Q67 na B65, na hizo ndizo zilizomo kwenye mashine za ofisi za mwaka 2011. HP 6200 Pro na Dell 790 zina Q65. HP 8200 Elite na Dell 990 zina Q67. Kwenye mashine hizi, kilele chako ni kizazi cha pili: i5-2400 au i7-2600. Mwenye HP 6300 Pro ana Q75, na mwenye 8300 Elite au Dell 7010 ana Q77. Hao wanaweza kupanda hadi i7-3770. Kwa macho, 8200 na 8300 zinafanana kama ndugu, na wauzaji wengi hutaja bei moja. Tofauti ya tarakimu moja kwenye kibandiko cha mbele ndiyo tofauti ya kizazi kizima.

HP EliteDesk 800 G1 na Dell OptiPlex 9020 ni za kizazi cha nne, soketi ya LGA1150, bado DDR3. Humo i7-4770 inakaa vizuri, na i7-4790 pia ikiwa BIOS imesasishwa. Prosesa ya 1155 haiingii kwenye 1150 wala ya 1150 kwenye 1155, lakini RAM inahama bila tatizo. Hapo pana njia ambayo watu hawaifikirii: kama una 6200 au 8200 yenye 16GB za DDR3, huenda ukanufaika zaidi ukitafuta kasha la 800 G1 lisilo na RAM wala diski, uhamishie vitu vyako humo, kuliko kuhangaika na prosesa ya kizazi cha pili. Uliza. Maduka yanayofanya matengenezo mara nyingi huwa na makasha yaliyonyofolewa vipuri.

Kutoka kizazi cha sita mambo yanageuka kidogo. Soketi ya LGA1151 ilianza 2015 na mashine nyingi zikahamia DDR4, lakini si zote: Dell OptiPlex 3040 ni ya kizazi cha sita na bado inatumia DDR3L. Hapa ndipo ile volti inapouma. Prosesa za kizazi hicho zilitengenezwa kwa volti 1.35, na Intel ilionya kwamba DDR3 ya volti 1.5 inaweza kuiharibu sehemu ya prosesa inayoongoza memori. Kama RAM yako imeandikwa PC3 bila L, usiihamishie huko.

Kisha kuna mtego wa 1151 yenyewe. Kizazi cha nane na cha tisa vinatumia soketi yenye migusano 1151 vilevile, na prosesa ya i5-8500 itakaa ndani ya EliteDesk 800 G2 ya kizazi cha sita bila kuonyesha kasoro. Haitawaka. Nyaya za ndani zilipangwa upya, na chipseti za zamani hazikualikwa.

Mbali na soketi, tazama ukubwa wa mwili wa mashine. Mnara na kasha dogo la SFF la HP 8300 vinahimili i7-3770 ya wati 77. Pawa saplai ya wati 240 inayokuja na SFF inatosha. Ile ndogo sana inayoitwa USDT inakubali prosesa za wati 65 tu, kwa hiyo tafuta yenye S mwishoni, kama i7-3770S. Herufi nazo zina hila zake. i5-3470 ina viini vinne. i5-3470T ina viwili tu, ingawa jina ni lilelile na muuzaji hatakufafanulia. Herufi P, kama kwenye i5-3350P, humaanisha prosesa haina grafiki ndani, hivyo bila kadi ya video hutaona picha. Xeon E3-1230 v2 vilevile.

AMD nitaipitia haraka kwa sababu mashine zake ni chache kwenye maduka yetu. Soketi ya AM4 ilibeba Ryzen kuanzia 2017 hadi zile za familia ya 5000, zote kwa DDR4, na ni soketi yenye huruma kuliko zote kwa mtu anayetaka kubakisha RAM yake, mradi BIOS isasishwe kwanza. AM5 ya 2022 haijui DDR4 kabisa.

Je, prosesa ndiyo shida yako?

Swali hili huulizwa mwisho, na lilipaswa kuulizwa mapema. Kama mashine bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD kabla ya kitu kingine chochote. Kwa saiba inayochapa barua, inayojaza fomu za HELB na KUCCPS na inayowasilisha marejesho ya KRA, SSD na 8GB za RAM zitakupa unafuu zaidi ya prosesa yoyote. Fungua Task Manager wakati mashine imelemewa. Diski ikiwa asilimia 100 na prosesa 30, jibu unalo. RAM ikiwa imejaa, hata i7 haitakusaidia.

Prosesa inalipa pale kazi yenyewe ni ya kukokotoa: kuhariri video za harusi na nyimbo za injili, kuchora ArchiCAD, kuendesha SPSS kwenye data kubwa, au kufungua mashine pepe kwa mwanafunzi wa kompyuta. Kutoka i3-3220 yenye viini viwili hadi i7-3770 yenye viini vinne na njia nane za kazi, tofauti utaiona siku ya kwanza video inapotolewa. Kwa bei na joto, i5-3470 ndiyo ningemshauri mtu wa ofisi. I7 ni ya anayejua hasa ataitumia kwa nini.

Kuna faida ndogo ya RAM inayojificha hapa. i3-2100 inaendesha memori kwa kasi isiyozidi 1333 hata kama vijiti vyako vimeandikwa 1600. Kwenye 6300 au 8300 iliyokuja na prosesa ya kizazi cha pili, ukipanda hadi cha tatu RAM ileile inaanza kukimbia kwa 1600 yake kamili. Hukuinunua, ilikuwa imefungwa breki.

Na Windows? Microsoft iliacha kuisaidia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Hakuna prosesa ya DDR3 itakayokufikisha huko kwa njia rasmi. Muuzaji akikuambia i7 ya kizazi cha tatu itakupa Windows 11, mwulize atakupa na karatasi ya Microsoft? Linux Mint inaenda vizuri kwenye mashine hizi, na kwa saiba ambayo kazi yake yote iko ndani ya kivinjari, wateja watauliza tu kwa nini rangi imebadilika.

Kununua

Prosesa hizi hazitengenezwi tena, kwa hiyo unanunua iliyotumika. Eldoret utapata za kawaida. Ukikosa, Nairobi wanatuma kifurushi kwa basi na kinafika siku ileile au kesho yake. Mwambie muuzaji aiweke kwenye kibanda chake cha plastiki na aizungushie sponji, si karatasi ya gazeti.

Soma maandishi yaliyochongwa kwenye bati la juu. Mbali na jina, kuna msimbo unaoanza na SR. Wa i7-3770 ni SR0PK. Wa i7-2600 ni SR00B. Wa i5-3470 ni SR0T8. Msimbo usipolingana na jina unalouziwa, amini msimbo. Ukiona maneno INTEL CONFIDENTIAL, hiyo ni sampuli ya majaribio ambayo BIOS ya HP au Dell inaweza kuikataa; irudishe. Igeuze chini: migusano iwe ya rangi ya dhahabu bila alama ya kuungua, na zile chembe ndogo za katikati zisiwe zimeng'oka. Kisha omba iwashwe dukani mbele yako hadi ukurasa wa BIOS uonyeshe jina lake. Muuzaji wa kweli hataona ajabu. Lipa kwa M-Pesa ya duka na uandikiwe risiti yenye siku za warantii.

Nunua pia pesti ya joto. Mkebe mdogo unatosha mashine kadhaa.

Siku yenyewe

Usichague wiki ya mwisho ya Juni ikiwa wewe ni wa saiba; tarehe 30 watu wote wa KRA watakuwa mlangoni. Na usisasishe BIOS wakati mawingu yameanza kukusanyika. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza kufa moja kwa moja, kwa hiyo fanya asubuhi na uchomeke kwenye UPS. Sasisho la BIOS hufanywa prosesa ya zamani ikiwa bado imo. Lipakue kutoka tovuti ya HP au Dell kwa jina kamili la modeli. Kwenye HP unaingia BIOS kwa F10, kwenye Dell kwa F2. Baadhi ya mashine za Ex-UK huja na neno la siri la mwenyewe wa awali. Bodi za HP na Dell zina kijumpa kilichoandikwa PSWD kinachoondolewa ili kulifuta. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, isitishe kwanza na uhifadhi ufunguo wake, na nakala ya data yako uwe nayo kwenye diski ya nje.

Iwashe mashine dakika kumi ili pesti ya zamani ilainike, kisha zima, chomoa waya, fungua. Puliza vumbi ukiwa nje, ukishikilia panga za feni kwa kidole zisizunguke. Kipoza joto, kile chuma chenye mapezi kilicho juu ya prosesa, kwenye HP kimeshikwa kwa skrubu nne za Torx T15. Zilegeze kwa mshazari, kidogo kidogo: moja, kisha ya kona ya pili. Chomoa waya wa feni. Zungusha kipoza joto kushoto na kulia hadi kiachie. Usikivute juu kwa ghafla. Kwenye AMD ya AM4, kukivuta ghafla hung'oa na prosesa yenyewe, pini zake zikapinda.

Inua wenzo wa soketi, fungua fremu, toa prosesa ya zamani kwa kuishika kingo. Sasa unatazama pini 1,155 nyembamba kama nywele zikiwa kwenye bodi. Usizipulizie kwa mdomo, usizipanguse, usiangushe skrubu humo. Pini moja ikipinda, mara nyingi dalili yake ni nafasi moja ya RAM kutosoma, na fundi atakulaumu kwa RAM ambayo haina kosa. Prosesa mpya ina pembetatu kwenye kona moja na vimkato viwili pembeni. Vilinganishe na soketi, iachilie itue kwa uzito wake yenyewe. Haihitaji kusukumwa. Funga fremu, shusha wenzo. Wenzo utakuwa mgumu na utatoa mlio wa kukwaruza. Hilo ni la kawaida.

Safisha sehemu ya chini ya kipoza joto kwa kitambaa kisicho na nyuzi na alkoholi ya isopropili. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa si nzuri, kwa kuwa mara nyingi ina mafuta. Weka pesti katikati ya bati, kiasi cha punje ya mbaazi, rudisha kipoza joto kikiwa wima, kaza skrubu kwa mshazari, na rudisha waya wa feni. Huo waya husahaulika kuliko kitu kingine chochote.

RAM nayo irudi ilivyokuwa. Vijiti viwili vinavyofanana viwekwe kwenye nafasi za jozi ili prosesa isome njia mbili kwa pamoja. Mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko cha HP au Dell unaonyesha nafasi hizo. Hili ni muhimu zaidi usipokuwa na kadi ya video, kwa sababu grafiki ya ndani hukopa RAM hiyohiyo. 4GB mbili zinashinda 8GB moja. Ukichanganya 1333 na 1600, vyote vitakwenda 1333, na hakuna kitakachoharibika. Migusano ya RAM ikiwa na kutu nyepesi, mafundi wetu huisugua kwa kifutio cha penseli. Inafaa, mradi makombo yapanguswe yasibaki kwenye nafasi. Kijiti kimoja cha DDR3 kwenye mashine hizi hakizidi 8GB, hivyo nafasi nne zinaishia 32GB. Wakati kasha liko wazi, badilisha pia betri ya CR2032. Mashine inayodhani tuko mwaka 2012 itakataliwa na kila tovuti salama.

Baada ya kuwasha

Mara ya kwanza mashine inaweza kuwaka, ikazima na kuwaka tena. Ipe dakika moja. Ikilia kwa HP za rika hili huku taa nyekundu ikimeta, hesabu: mara mbili ni joto, mara tatu prosesa haijakaa, mara nne umeme, mara tano RAM. Kwa tano, toa vijiti vyote, weka kimoja, jaribu, kisha ongeza kimoja kimoja. Kama kila kijiti kinakubali nafasi fulani na kukataa nyingine, rudi kwenye soketi utazame pini kwa tochi.

Ikifika kwenye BIOS, hakikisha jina la prosesa na jumla ya RAM. Kisha iache usiku mmoja na Memtest86+ kutoka kwenye flashi. Kosa hata moja lina maana kijiti hicho hakifai, maana RAM mbovu haiui mashine papo hapo; inaharibu faili kimyakimya hadi siku ya kuzihitaji.

Joto lipime ukitumia HWMonitor au lm-sensors huku ukiilemea mashine kwa nusu saa. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa. Feni ileile inabeba joto kwa shida kidogo zaidi. Baridi yetu inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo, ila si kwenye saiba yenye mashine kumi, madirisha yamefungwa na printa mbili. Nyuzi 60 hadi 80 wakati wa kazi nzito ni sawa. Ikipita 90, zima, toa kipoza joto, na uangalie kama pesti ilienea. Mara nyingi utakuta skrubu moja haikukazwa.

Wenye DDR4

Kama RAM yako ni DDR4 na bodi imefika mwisho, kuna bodi za H610, B660 na B760 za soketi ya LGA1700 zilizotengenezwa kwa DDR4. Zipo pia za DDR5 zenye majina yanayokaribiana sana, kwa hiyo soma sanduku hadi mwisho. i3-12100 ya mwaka 2022, yenye viini vinne na wati 60, juu ya bodi kama hiyo na RAM yako ya 2400, inaipita i7 yoyote tuliyoitaja, na Windows 11 inaikubali. Gharama inayofichika ni kasha. Kuanzia EliteDesk 800 G1 na OptiPlex 9020, HP na Dell waliacha plagi ya kawaida ya pini 24, hivyo pawa saplai yako haitaingia kwenye bodi mpya, na bodi mpya haitakaa kwenye kasha lako. Jumlisha bodi, prosesa, kasha na pawa saplai kabla hujasema RAM imekuokolea pesa. Soketi iliyofuata ya Intel kwa deskitopu, LGA1851 ya 2024, ni DDR5 tu.

Prosesa uliyoitoa usiiuze haraka. Iweke kwenye kibanda cha plastiki kilichokuja na ile nyingine na ukibandike jina la mashine. Siku deskitopu itakapogoma kuwaka, ndiyo njia ya haraka ya kujua kama kosa ni la prosesa au la bodi.